Betri ya Tano

Fundi huyu ana ugonjwa mmoja tu: kupenda kuwa sahihi. Mwaka wa ishirini huu anasuka mota kwenye chumba kinachonuka vanishi, na kila anayoimaliza hukwaruza volti zake kwa msumari ndani ya kifuniko, mteja asije akadai hakuambiwa.

Dada yake mkubwa alikuwa na kigari cha umeme cha magurudumu matatu, akipeleka unga kwenye kiwanda cha mikate juu ya kilima. Kikipakiwa magunia sita kilikwama katikati ya mlima, wapita njia wakasukuma huku wakicheka. Mwenye kiwanda akampa wiki moja: unga uwahi, au kazi apewe mwingine.

"Niongezee betri," dada akasema. "Ziwe tano."

"Dada, volti zinaongeza mbio. Nguvu ya kuvuta mzigo inatokana na ampea, na kontrola yako, kile kidhibiti cha umeme, imeshaziwekea mwisho. Tubadilishe gia. Utakwenda polepole, lakini utapanda."

"Huo upolepole ndio unaonifukuzisha kazi! Nilikubeba mgongoni wewe, leo unanisomesha?"

Fundi akapandwa na hasira. Gia ilikuwa pale rafuni, kazi ya saa mbili. Hakuigusa. Akafunga betri ya tano, volti arobaini na nane zikawa sitini, na moyoni akasema: nenda ukakwame, utarudi mwenyewe kuniambia nilisema kweli. Safari hii hakukwaruza kitu kwenye kifuniko.

Dada hakurudi. Barabara ya tambarare kigari kilikuwa kinaruka. Kilimani, kikianza kupanda kutoka kusimama, kilibaki goigoi vile vile. Lakini akagundua kwamba akikichapua tangu bondeni, zile mbio zinamfikisha juu. Siku ya nne akapiga simu.

"Fundi mzima, kumbe kazi huijui! Naanzia mbali, napanda kama sina mzigo."

Fundi aliikumbuka kona kali iliyoko katikati ya mlima, isiyotaka mbio. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza kwa kununa.

Kesho yake kigari kiliingia kwenye kona kwa mbio zile zile, kikapinduka, magunia yakamlalia dada mguu. Hospitali waliukata chini ya goti.

Miezi mitatu baadaye alikuja karakana kwa magongo, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Kazi ilishapewa mwingine. Fundi alikuwa amejiandaa kutukanwa, tena aliyatamani matusi. Dada akatazama rafuni.

"Gia yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo."

Akaishika, akaigeuza mkononi, akairudisha mahali pake taratibu.

"Ulisema kweli, mdogo wangu," akasema. "Ulikuwa sahihi."