Mkono Uliofika Chini ya Beseni

Nimerudi Katonga, kijiji chetu cha wavuvi kando ya ziwa, msomaji wangu, na nimerudi na hasira. Asubuhi hii nilitia mkono katika beseni la dagaa la mdogo wangu wa kiume, nikafika chini kabisa, nikatoa vifaranga vya samaki vyembamba kama sindano. Amevivua kwa chandarua, kisichobakiza hata kifaranga.

Kuchunguza hivyo nilifundishwa hapa hapa mchangani na bibi yangu wa Ujiji na jirani yake Mkristo, waliokuwa wakianika dagaa pamoja. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege. Yao ilikuwa kugeuza dagaa na kubishana.

"Taurati ya Musa inasema binadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, akapewa kutawala samaki na ndege," jirani alitamba. "Mimi ni malkia wa ziwa hili."

"Basi waamuru samaki wajianike, malkia, mgongo unaniuma." Kwa bibi, Kurani iliwaita ndege wale umma kama sisi, na mtu ni khalifa tu, msimamizi aliyebeba amana ambayo mbingu, ardhi na milima viliikataa.

"Na huyo aliyeikubali ameitwaje humo?" jirani aliuliza.

"Dhalimu, mjinga," bibi alikiri, wakacheka hadi ndege wakapata mwanya. "Lakini malkia wako, shoga, bustanini aliwekwa afanye nini?"

"Ailime na kuitunza."

"Kumbe kibarua."

Hawakuwahi kukubaliana. Hata hivyo, mtumbwi ulipotua, mkono wa kila mmoja ulizama hadi chini ya beseni, na vikitoka vifaranga hawakununua, hata kama jioni tungekula ugali wa muhogo kwa chumvi.

Chuoni nilijifunza kuipambanua misimamo hiyo kwa ufasaha: utawala huku, ukhalifa kule. Mdogo wangu anaijua yote miwili, na ameigeuza kuwa leseni. "Dada, Mungu katupa tutawale. Tena sisi ni makhalifa wake, nani atatuuliza?" Nilimwambia khalifa ndiye wa kwanza kuulizwa. Akatabasamu, akasema beseni limeshapata mteja. Mchangani hapakuwa tena na ndege hata mmoja wa kufukuzwa.

Mchana mke wa mdogo wangu alituletea dagaa kwa mawese, harufu ile ile ya jikoni kwa bibi. Nilikuwa na njaa, na hasira yangu bado ilikuwa mbichi. Nilikula. Walikuwa wadogo kiasi kwamba hapakuwa na mfupa wa kutema.