Mbolea ya Chai kwenye Miparachichi

Ukitaka kumjua Nyanchoka, tazama chai yake. Kwenye miteremko yote ya Manga hakuna michai inayochipua kama yake, na siri yenyewe si siri: mvua ikianza tu, yeye na mbolea ya chai, mbolea ya chai na yeye. Chai ni jani, na jani analijua. Kosa lake ni kudhani kila mmea duniani ni chai.

Mumewe, Abner, alikuwa na miparachichi chini ya nyumba, miche aliyoinunua kwa Cleophas, kijana mwenye kitalu kule Kebirigo. Aliilea kwa samadi ya ng'ombe, na ilikuwa imekaribia kuzaa pale alipovunjika mguu akalazwa ndani msimu wote wa mvua. Nyanchoka akataka kumfurahisha. Akaipa miti mbolea ya chai, akaona imependeza, akaiongeza.

Ilinawiri ajabu! Majani mapana, matawi yakapita paa la nyumba. Maua yakaja haba, yakapukutika. Abner alipotoka na mkongojo wake alizunguka mti baada ya mti, asipate tunda.

"Cleophas ameniuzia miti dume," akasema.

Mti mmoja tu ulikuwa umezaa, ule wa pembeni karibu na zizi. Abner aliuita bahati. Nyanchoka alijua si bahati: mbolea ilikuwa imemwishia kabla ya kuufikia. Hapo akaelewa kwamba mbolea ile huusukuma mti uote majani, nao ukishughulika na majani husahau kuzaa. Hapo hapo angeweza kusema. Badala yake akaenda kukama.

Abner akamtangaza Cleophas sokoni, kisha kanisani, kila Jumamosi ya Sabato watu walipopewa nafasi ya kusimama kutoa neno. Lisemwalo lipo, wakasema watu, na kitalu kikakosa wanunuzi. Nyanchoka aliketi kando ya mumewe na Biblia mapajani, asisome hata mstari. Aibu ilimtafuna. Lakini angesemaje, yeye ambaye wanawake wenzake wa kijiji huja kumwuliza habari za shamba? Kiburi hicho, nami sitamtetea, ndicho kilichomfunga mdomo.

Jumapili moja Cleophas akaja mwenyewe, amekonda, na miche mipya nyuma ya bodaboda.

"Mzee, sijui nilikosea wapi," akamwambia Abner. "Nimekuletea mingine, sitaki malipo. Ile mibaya nitaing'oa mwenyewe. Nirudishie jina langu tu."

Akashika jembe, akalipiga kwenye shina la kwanza.

"Acha, mwanangu!" Nyanchoka akapaza sauti. "Miti yako ni mizima. Mimi ndiye niliyeitia mbolea ya chai, ikaota majani matupu."

Cleophas akalishusha jembe. "Na ulikuwa unajua, mama, wakati wote huo?"

"Nilikuwa najua."

Kijana hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aligeuka akaanza kufungua kamba za miche yake.

Abner hakuuliza habari za mbolea. Alimtazama mkewe mpaka Nyanchoka akainamisha kichwa.

"Nimesimama mbele ya watu nikimchafua mtoto wa wenyewe, Mama Mogire, nawe umeketi kando yangu, bega kwa bega," akamwambia mkewe. "Sabato hii tutasimama wote wawili. Wewe utaanza."