Sauti ni Yangu, Mdomo Wamempa Mwingine

Admin, naomba unifichie jina. Jina la kwaya nimeliondoa mwenyewe, maana hawa watu wanasoma ukurasa huu kila siku, tena ndio wa kwanza kuandika "amina" kwenye visa vya wenzao.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, naishi Igoma hapa Mwanza, nina mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu. Shule niliishia la saba, mtanisamehe nikikosea. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Naumwa saratani ya titi. Nimeshatundikiwa dripu nne za dawa, zimebaki mbili, na daktari ananipa moyo.

Kabla sijaumwa nilikuwa naimba kwaya ya kanisani kwetu. Kiongozi ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Tulirekodi wimbo studio, mimi ndiye niliyeongoza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wenzangu wakaitikia. Haukupita muda nikagundua uvimbe. Nywele zilipoanza kutoka, wifi alinifuata nyumbani. "Wifi, pumzika kwanza. Ukisimama mbele hivyo, watu watakuangalia wewe badala ya kumwangalia Mungu." Nikapumzika. Kumbe Mungu wao anaogopa kipara.

Sasa huko ninakotundikiwa dawa, kila Jumatano anakuja mwalimu mmoja mstaafu na kinanda kidogo na manyanga, anatuimbisha sisi wa dripu. Mwanzoni nilimdharau. Nikajisemea, mtu unatapika mpaka nyongo halafu unaletewa manyanga kama mtoto wa chekechea! Siku ya dripu ya pili nesi alitafuta mshipa akaukosa mara tatu. Nililia, nikasema sitaki tena dawa, nirudisheni nyumbani. Mwalimu hakunibembeleza. Aliniambia, "Vuta pumzi kwa pua, itoe na neno moja unalolipenda." Nikatoa jina la mwanangu. Akalifuata kwenye kinanda, wenzangu wakaitikia, likawa wimbo. Nakuja kushtuka, sindano imeshaingia. Sisemi muziki unaponya saratani, na mwalimu mwenyewe anasema dawa ni hiyo ya kwenye dripu. Ila tangu siku ile sijakataa dawa tena.

Pale hakuna anayechekwa kwa kukosea. Kuna mama mmoja wa makamo anavuka na kivuko kutoka Kamanga, sauti yake kama bawaba isiyo na mafuta. Anatuambia, "Wanangu, kwa sauti hii baba aliniweka nilinde mpunga. Ndege walihama kijiji." Tunacheka mpaka dripu zinatikisika.

Jumapili wifi akaja na mfuko mkononi. "Wifi, Jumamosi tunapiga video ya ule wimbo, kule kwenye mawe ziwani."

Moyo uliruka kwa furaha, mjinga mimi. Nikamuuliza nifunge kitambaa cha rangi gani kichwani.

Akacheka. "Hapana, mbele atasimama yule binti wa sauti ya pili, ana umbo la video. Yeye atafumbua tu mdomo."

"Atafumbua mdomo, sauti itoke ya nani?"

"Sauti ni ya kwaya, wifi. Usianze ubinafsi."

"Na mimi je?"

Akatoa gauni jeupe la kulalia kwenye mfuko. "Wewe una sehemu nzuri kuliko wote. Utalala kitandani kama mgonjwa, sisi tunakuzunguka tunaimba, halafu unaamka umepona."

Jamani! Wabebe kitanda wakakipandishe kwenye mawe, mgonjwa wa kweli aigize mgonjwa, asikilize sauti yake ikitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine uliopakwa rangi. Hao hao tangu niugue hakuna hata mmoja aliyekanyaga wodini, leo wana mapenzi ya kunizunguka kwa sababu kuna kamera. Wakati anaondoka akanigeukia mlangoni: "Siku hiyo usipake mafuta usoni, upauke vizuri." Eti nipauke vizuri! Na kesho yake atasimama kanisani kuhubiri upendo.

Ningemrushia gauni lake palepale. Ila siku zangu za dripu yeye ndiye anayebaki na mwanangu. Wodini watoto hawaruhusiwi, mume yuko kazini, mama yangu yuko Sengerema anamuuguza baba. Na wifi anajua. Aliniambia, "Mimi mtoto wako namshika kwa moyo, na wewe jitoe kwa moyo." Mume naye, "Kubali tu mke wangu, ni siku moja. Ukimuudhi dada, mtoto atabaki na nani?" Mwanamume mzima, anachomelea vyuma, dada yake akikohoa tu anayeyuka.

Jana nikiwa kwenye dripu ya nne nilimsimulia mama wa Kamanga. Akasema, "Nenda ukalale, mwanangu. Ila wakikwambia umepona, amka uimbe. Umepona si ndiyo?" Nilicheka, lakini usiku usingizi sikuupata.

Gauni linaning'inia msumarini. Hapa ninapoandika, mwanangu anapiga ngoma kwenye kipara changu huku anaimba jina lake, kama nilivyomfundisha. Yeye sauti na mdomo vyake viko pamoja.

Nyie mnaosoma, niambieni. Nilale kimya niigize, ili nimalize dripu zangu mbili mwanangu akiwa na wa kumshika? Nimrudishie gauni lake? Au nikifika pale kwenye mawe, kamera ikiwaka, niinuke na kipara changu nifungue mdomo wangu mwenyewe? Nishaurini haraka, Jumamosi ni keshokutwa.