Majipu ya Mjomba kwenye Kishikwambi

Pyuk! Halafu kimya kidogo, halafu mtu anacheka na kusema, “Toa mzizi, toa wote!”

Sauti hiyo naikumbuka vizuri kuliko kengele ya shule niliyosoma. Ilitoka sebuleni, ambako mtoto wa dada yangu, wa miaka sita, alikuwa amekaa mkekani na bakuli la mtindi, akiangalia kishikwambi chake kipya. Nikachungulia. Mgongo wa mtu umejaa kioo kizima, na jipu linakamuliwa. Kilichotoka sikiandiki. Niseme tu kilifanana na kilichokuwa bakulini.

Dada yangu alikuwa Dakawa kwenye mavuno ya mpunga, mtoto kaniachia mimi. Kishikwambi alikileta kaka yetu mkubwa, aliposhuka kutoka milimani kuuza ndizi mjini. Nilifurahi mno. Nilishaona mtoto anajua kusoma, anakuwa rubani, na mimi nimesimama uani napungia ndege inayopita juu ya Uluguru.

Siku ile ya kukiwasha, kioo kiliuliza kama mtumiaji ni mtu mzima au mtoto. Kaka akagusa “mtoto”. Kikataka mzazi aingie kwa akaunti yake atoe ruhusa. Kaka akakunja uso.

“Mzazi? Sisi Waluguru mtoto ni wa mjomba. Mbona mjomba hawakumwandika hapa?”

“Kaka, gusa tu hapo.”

“Nijiite baba wa mtoto wa dada yangu? Una wazimu wewe?”

Akarudi nyuma, akagusa “mtu mzima”, akaingia kwa akaunti yake mwenyewe, ile ya kwenye simu yake. Picha yake ikatokea pale juu, na kofia yake kichwani. Akaridhika. Hakuna aliyewaza kwamba akaunti ikishaingia, yote anayopenda kuyaangalia mwenyewe yanaingia nayo.

Nikawa nakizima, lakini nikienda kisimani tu, mtoto anakiwasha. Akaacha mtindi. Kisha akaacha uji. Mchana nikampa wali maharage, akaligeuza harage moja kwa kijiko.

“Mama mdogo, na hili lina mzizi?”

Na mimi nikashindwa kula. Shingo ya mtoto ilianza kuwa nyembamba, na mama yake alikuwa karibu kurudi. Ningemwambia nini? Nikapiga simu milimani.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Mpwa wangu anasoma?”

“Anasoma majipu.”

“Majipu gani?”

“Ya kwako. Na funza. Na yule wa kuchokonoa nta masikioni.”

“Aa, yale ni mambo ya afya, bwana!”

“Afya gani, kaka, mtoto hali?”

“Mwambie ageuze uso.”

“Acha niitoe akaunti yako.”

“Ukinitoa mimi umetoa ukoo mzima. Subiri nishuke.”

Akakata. Jamani, nilisikia kinyaa. Mtu mzima tunayemwamkia kwa heshima zote, kumbe jioni anajifungia na bando lake kutazama usaha! Na heshima yake ndiyo mtoto alale na njaa?

Sikusubiri. Mama mdogo naye ni mama. Neno “mzazi” halikunitia aibu hata kidogo. Nikaitoa akaunti ya kaka, nikagusa “mtoto”, nikaandika tarehe yake ya kuzaliwa ya kweli, nikaingia kwa akaunti yangu nikatoa ruhusa. Nenosiri nikaweka jina la bibi mzaa mama. Kilipodai picha, nikasita. Halafu nikaweka ya kaka, na kofia yake. Ukoo ubaki pale juu, ila macho yake yabaki huko huko milimani.

Kesho yake mtoto alikiwasha, akaiona ile picha. “Shikamoo, mjomba,” akasema, akaingia. Zikatokea herufi zinaruka kamba. Akacheka. Baadaye akaniambia, bila kugeuka, “Naomba mtindi.”

Nikamimina mabakuli mawili, tunywe pamoja. La kwake alilimaliza mpaka akalamba kijiko. La kwangu nililileta mdomoni, nikalishusha. Nikalileta tena. Pyuk, ikalia kichwani.

Alipolala, nikatoka na bakuli langu nyuma ya nyumba, nikatazama huku na huku, nikaumwaga mtindi wote kwenye shina la mgomba.