Chupa Aliyoichemsha Mama

Sipendi majivuno, lakini hili nalisema bila haya: nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, miaka ya tisini, nilitengeneza plastiki kwa viazi vitamu.

Ile plastiki ngumu ya kahawia ya vishikio vya sufuria hutengenezwa kwa fenoli na formalini, na formalini inachoma macho vibaya. Mimi nilitumia maji ya kiazi kibichi. Ndani yake mna kimeng'enya ambacho, ukitia dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu, huunganisha fenoli hadi iwe polima, yaani plastiki, bila moto wala formalini. Mwalimu wa kemia aliniruhusu kwenda kwenye maonyesho ya sayansi ya shule mjini Voi, ila akanionya kwamba lazima nithibitishe kazi inafanywa na kimeng'enya. Mshindi angeenda Mombasa, nami sikuwa nimewahi kupita Voi. Nilitaka kwenda, jamani!

Asubuhi ya safari nilikamua viazi, nikaacha maji jikoni nikaenda kuoga. Kwetu Mghange, juu milimani, maziwa hayateremki Voi kabla ya kuchemshwa, yasije yakaharibika njiani. Mama akayaonea huruma maji yangu. Akayachemsha vizuri, akayapoza, akanitilia kwenye chupa.

Kule Voi nikayajaribu kabla majaji hawajafika. Hakuna kitu. Nikakumbuka chupa ilivyokuwa vuguvugu nilipoipokea, nikaelewa kwamba mama ameyachemsha. Moto huua kimeng'enya. Nilimkasirikia mama hadi machozi yakanitoka.

Nikakimbilia dukani, kwa mama mmoja Mwislamu aliyeuza nafaka na viazi. Nikamweleza huku nahema. Akakuna kiazi mwenyewe, akakikamua kwa kitambaa safi, akaniambia nisisimame njiani.

Mbele ya jaji mmoja, fenoli iliganda kwenye kitako cha glasi, mabonge ya kahawia. Akakunja uso, akasema huenda ni uchafu wa kiazi tu. Hapo ndipo nikaishika chupa ya mama. Nikamwambia maji haya yamechemshwa, nikayamimina kwenye glasi ya pili, fenoli ileile, dawa ileile. Hayakuganda.

Jaji akaziinua glasi zote mbili kwenye mwanga.

"Nani alikufundisha kuchemsha maji ya glasi moja?"

"Mama yangu," nikasema, na hasira yote ikaniisha. "Ni mkulima."

Mombasa nilienda. Mama aliliambia kanisa zima kwamba yeye ndiye aliyepika ile dawa iliyoshinda, nami nikiwa nimeketi kando yake, nilitikisa kichwa kukubali.