Kitambaa cha Mbelu

Mbelu aliumwa kichwa, lakini si kile cha malaria kinachokuja na baridi na kuondoka na vidonge. Chake kilianzia nyuma ya shingo, kikapanda polepole, kikambana pande zote kama sufuria ndogo aliyovikwa kwa nguvu. Tangu usichana dawa yake ilikuwa kipande cha kitenge kilichochakaa. Alikizungusha kwenye paji la uso, akakikaza, akaendelea na kazi. Mimi ni jirani yake hapa mtaa wa Manika, na nilikizoea kitambaa kile kama nilivyozoea sauti yake akiuza bunga, unga wa ugali, sokoni.

Halafu ikaja corona. Kampuni moja ya mgodi, upande wa Mashamba, ikafunga malango: wafanyakazi ndani, wake zao nje, na atakayetoka asirudi kazini. Ntambwe, mumewe, dereva wa lori kubwa, akabaki huko. Mbelu akabaki na mama mkwe wake, Godelieve, mwanamke anayesali kwa sauti kubwa na kuchukia kwa sauti ndogo. Mbelu hakuwa amezaa. Kilichomweka katika nyumba ile ni neno la Ntambwe tu, na Ntambwe sasa alikuwa sauti ya simu, siku mtandao ukipenda.

Simu ikinyamaza, kichwa kilianza. Mwisho kitambaa hakikutoka tena, na wateja wakaihama meza yake, kila mmoja akiogopa corona. Akaenda kwa muuguzi Josias, aliyempima homa asiikute, akamgusa mabega, naye akaruka kwa maumivu.

"Hii haiko corona, mama. Ni mawazo njo inakaza shingo. Pumzika, usiwaze sana."

Usiwaze! Kana kwamba mawazo ni mbuzi wa jirani, unamtupia jiwe anakwenda zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ubaya ni kwamba kwetu mwanamke hufunga kichwa namna ileile akifiwa. Godelieve alilijua hilo, na aliijua pia shingo ya mkwewe, kwa kuwa alikuwa ameishi nayo miaka. Alichagua kusahau.

"Weye Mbelu, unalia kilio ya nani? Mutoto yangu iko muzima!"

"Mama, ni kichwa. Inauma mupaka huku nyuma."

"Unamuitia lufu, unamuitia kifo! Unamuzika na iko anapumua!"

Akakinyofoa kitambaa mbele yetu majirani. Mbelu akajaribu kukaa bila kitambaa, akashindwa hata kuwasha makaa. Akawa anajifungia chumbani, anajikaza kichwa kwa siri, na Godelieve anachungulia kwenye ufa wa mlango. Kisha akampigia mwanawe simu na kumshitaki mkewe. Ntambwe alicheka kwenye spika ya simu, tukamsikia wote.

"Mama, achia bibi yangu kichwa yake."

Mbelu aliishi kwa maneno hayo. Wiki ile alikaa uani na kitambaa chake, bila kujificha.

Kisha lori la Ntambwe likapinduka kwenye mteremko wa shimo la mgodi. Tuliletewa sanduku lililofungwa, likazikwa haraka, watu wachache, bila kumwona uso, kwa sababu ya corona. Hakufa kwa corona, lakini alizikwa nayo. Mtaa mzima ukatikisa kichwa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wajinga hupenda methali inapowasaidia kuua.

Wanawake wa ukoo wakakaa uani, kila mmoja na kitambaa kichwani. Mbelu akatoka chumbani akiwa amefunga chake. Godelieve akasimama.

"Fungula! Weye kilio yako ulishaka kulia. Ya leo ni yetu."

Wakamvua. Nilipiga kelele mpaka nikatolewa nje ya ua kwa mabavu. Baada yangu wakamtoa yeye, na furushi la nguo, kichwa wazi, siku ya msiba wa mumewe. Alitembea ameshika shingo kwa mikono miwili, na hata kulia hakuweza, kwa kuwa kulia kulimzidishia maumivu.

Nilikiokota kitambaa walichokitupa nje kwenye vumbi, nikamkimbilia, nikamwambia afunge, hapa barabarani hakuna mkwe. Alikitazama kwa hamu, kisha akanirudishia.

"Hapana, mama. Nikifunga tena, batauliza sasa nataka kuua nani."