Herufi Mbili za Murukulazo

Pale stendi ya Ngara vijana wa bodaboda walimtania baba mkubwa wangu kila alipokuja mjini kutoka Murukulazo.

"Shikamoo meja. Majini yako yameamkaje?"

"Marahaba. Yameamka yanakuulizia wewe."

Alistaafu akiwa meja wa kikosi cha majini, yaani askari wanaosafiri kwa boti na kushuka kupigana nchi kavu. Kwa watu wa vilima na migomba kama sisi, neno hilo lisingekosa utani. Asubuhi ninayoieleza hapa utani ulikuwa uleule, ila yeye alijibu bila kusimama. Alikuwa ameitwa kwenye ofisi moja ya serikali kueleza uraia wake.

Mtu tusiyemjua alikuwa amepeleka barua kwamba mzee si Mtanzania, kwamba alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvubu, upande wa Burundi, akavushwa akiwa mgongoni mwa mama yake. Kwa barua hiyo maombi yake ya kitambulisho cha taifa yalisimamishwa. Huku mpakani jambo kama hilo halichukuliwi kwa mzaha. Namjua mtu wa kijiji jirani cha Ntobeye, mwenye wajukuu, aliyeambiwa afungashe aondoke nchini. Kama ofisi ingeamini barua ile, mzee mwenye nishani tatu za nchi hii angekuwa mgeni ndani yake.

Kuandaa karatasi ilikuwa kazi yangu. Niliishia darasa la saba, lakini sikuacha kusoma, na kijijini mtu mwenye barua ngumu huja kwangu. Kwa wiki mbili tulikaa barazani, yeye akisema na mimi nikiandika maelezo ya utumishi wake. Aliingia jeshini wakati wa vita vya Uganda, hajui kuogelea. Alivuka mto Kagera ameshikilia kamba kwa mikono miwili, bunduki shingoni, akafika upande wa pili akitapika maji. Vita vilipokwisha aliomba ahamishiwe majini. Aliniambia hakutaka kuogopa kitu kilekile mara mbili. Baadaye alipelekwa Msumbiji kupigana na waasi, na alipoanza kuota mvi aliongoza askari waliotua alfajiri kwenye kisiwa cha nchi jirani. Nishani alinitajia majina na mahali alikozipata tu.

Vita havikunisumbua kuandika. Kilichonisumbua ni jina la kijiji. Cheti chake cha ubatizo kilisema Murukurazo, kwa sababu ulimi wa Kihangaza, lugha yetu, hauna shida na r. Kitabu chake cha jeshi kilisema Mulukulazo, kwa sababu karani aliyemsajili alikuwa Msukuma, na ulimi wake ulipenda l. Serikali siku hizi inaandika Murukulazo. Niliona mtu asiye wa huku atahesabu vijiji vitatu na kuuliza kipi kiko Burundi. Basi nilipotoa nakala za vyeti, nilichukua kalamu nyeusi nikageuza l moja kuwa r kwenye nakala ya jeshi, na r moja kuwa l kwenye nakala ya ubatizo. Niliifanya kazi hiyo taratibu, kwa rula. Nikaridhika.

Afisa aliyetupokea alikuwa mtu wa pwani kwa lafudhi yake. Alimwamkia mzee, akatuonyesha viti, akapanga vyeti halisi upande mmoja na nakala upande mwingine. Alisoma kimya. Kisha akainua nakala ya jeshi akaielekeza dirishani.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi," nikasema. "Nilisahihisha tahajia."

"Ulisahihisha." Akaiweka chini. "Ndugu yangu, hapa tunaita kughushi. Kuna watu wamefungwa kwa herufi moja. Wewe una mbili."

Sikuwa nimewahi kulifikiria neno hilo pamoja na mkono wangu.

"Mzee, ulijua?"

"Sikujua. Lakini karatasi ni zangu na huyu alikuwa chini yangu. Ukiandika kosa, andika jina langu."

"Sijauliza nani abebe kosa. Nauliza ulizaliwa wapi."

"Murukurazo."

Afisa akaweka kidole kwenye kitabu cha jeshi. "Na hapa pameandikwaje?"

"Murukurazo."

"Na hapa kwenye ubatizo?"

"Murukurazo. Ni palepale, afande. Aliyetoka ng'ambo ni mama yangu. Aliolewa huku na baba yangu, mtu wa huku, nikazaliwa huku. Huyo mwandishi wa barua amesikia nusu."

Nilitazama sakafu. Habari ya mama yake nilikuwa nimeiruka makusudi. Afisa alipekua maelezo yangu mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Mama humu hayumo."

Akaanza kusoma kwa sauti ukurasa wa Msumbiji, polepole, kama anayetafuta uongo mwingine. "'Adui alipotuzidi nguvu, tulirudi nyuma kwa utaratibu...'"

"Hapana," mzee akasema. "Tulikimbia."

"Unasemaje, mzee?"

"Siku hiyo tulikimbia. Nilitupa mkoba, buti langu moja likabaki kwenye tope. Wenzetu wawili tuliwaacha. Nilimwambia huyu tulikimbia. Naona na hapo amesahihisha."

"Lakini hii si ndiyo habari ya nishani?"

"Nishani ni ya kesho yake. Tulirudi kuwachukua. Mmoja alikuwa hai."

Afisa alimtazama mzee kwa heshima, halafu akanitazama mimi bila heshima hiyo. Akanisukumia kalamu.

"Andika tulikimbia. Andika na mama. Kila mahali ulipobadilisha maneno ya mzee, yarudishe kama alivyoyasema, utie sahihi pembeni. Nakala hizi mbili zinabaki kwangu, na utaniandikia kwamba ulizichezea. Nikikuta herufi nyingine, tutazungumza mahali pengine."

"Na yeye?" nikauliza.

"Yeye ana vyeti halisi na ana mdomo wake. Barua ile nitaijibu mimi."

Nilianza kukata mistari. Nilidhani yangekuwa mambo mawili au matatu, lakini kila ukurasa ulikuwa na neno nililolivisha nguo. Palipokuwa "niliogopa" nilikuwa nimeweka "nilichukua tahadhari." Palipokuwa "tuliiba mbuzi" nilikuwa nimeweka "tulipata chakula." Mzee aliinama begani kwangu akisoma.

"Na hapo?"

"Hapo ulisema hukulala siku tatu, baba."

"Nilisema mbili."

Nikakata tatu, nikaandika mbili, nikatia sahihi. Afisa aligonga mhuri kwenye fomu ya mzee na kumwelekeza chumba cha pili akachukuliwe alama za vidole. Aliondoka amenyoosha mgongo, bila kuniangalia, akaacha mlango wazi. Nilisikia akiulizwa mahali alipozaliwa, na akijibu, na karani akimwomba arudie. Mimi nilikuwa bado ukurasa wa tatu.